Kutoka asilimia 24 hadi 86 kwa mwaka mmoja: uchambuzi wa kisa cha shule moja ya Atlanta

Kisa hiki kinahusu shule moja ya umma katika jiji la Atlanta, jimbo la Georgia, Marekani, iliyofundisha darasa la 6 hadi la 8, yaani shule ya kati, baina ya msingi na sekondari. Mambo yaliyotokea pale yaliwekwa hadharani na ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2011, magazeti, na kesi iliyofuata. Jina la shule, la mkuu wake na ya walimu yameachwa kwa makusudi, kwa sababu somo lililomo halitegemei nani alikuwa nani.

Huku kwetu wizi wa mitihani hujadiliwa kama suala la tamaa: mtu kapewa bahasha, kauza maswali, kamatwa. Katika kisa hiki fedha zilikuwepo, lakini kidogo. Kilichowasukuma watu ni namna malengo yalivyopangwa. Lengo la kila mwaka lilipandishwa juu ya matokeo ya mwaka uliopita, na matokeo yakishaghushiwa mara moja, mwaka unaofuata unaanzia kwenye ghushi hiyo. Nitarudi kwenye jambo hili mara kadhaa, maana ndilo linaloachwa nje pale kisa cha Atlanta kinaposimuliwa kwa kifupi.

Usuli

Januari 2002 Rais George W. Bush alisaini sheria ya No Child Left Behind. Kila jimbo lilitakiwa kuwapima watoto wa darasa la 3 hadi la 8 kila mwaka katika kusoma na hisabati, na ifikapo 2014 kila mtoto, bila kubakiza hata mmoja, awe amefikia kiwango. Shule iliyoshindwa mwaka hadi mwaka ilipanda ngazi ya adhabu. Kwanza wazazi waliruhusiwa kuhamisha watoto, kisha yakaja masomo ya ziada ya lazima, kisha kubadilishwa kwa walimu au mtaala, na mwisho shule kuvunjwa na kuundwa upya.

Georgia ilitumia mtihani uliojulikana kama CRCT. Yalikuwa maswali ya kuchagua, na mtoto alisiliba jibu kwa penseli kwenye karatasi inayosomwa na mashine. Aliyefanya KCPE Kenya, au mtihani wa darasa la saba Tanzania tangu karatasi za kusomwa na mashine (OMR) zilipoanza 2012, anajua vizuri ninachokisema: kiduara, penseli, na kifutio.

Shule yenyewe ilikuwa katika mtaa wa kipato cha chini, wenye nyumba nyingi zilizohamwa. Kwa miaka kadhaa mfululizo ilikuwa haifikii kiwango cha sheria. Mwaka 2005, wanafunzi wa darasa la 8 waliofikia kiwango cha hisabati walikuwa asilimia 24, na kusoma asilimia 35. Mwaka huohuo aliletwa mkuu mpya.

Juu ya sheria ya taifa, wilaya ya elimu ya Atlanta ilikuwa na malengo yake, makali zaidi. Kila shule ilipangiwa sehemu ya watoto watakaovushwa kutoka chini ya kiwango hadi kwenye kiwango, na wengine kutoka kwenye kiwango hadi juu yake. Wakuu wa shule walielezwa kwamba wana miaka 3. Baada ya hapo, asiyefikia malengo anaondoka. Shule ikifikia asilimia 70 ya malengo yake, watumishi wote, hadi madereva wa mabasi na wapishi, walipata bonasi isiyozidi dola 2,000. Bonasi za msimamizi mkuu wa elimu wa jiji, zikijumlishwa kwa miaka yake yote kazini, zilizidi dola 500,000.

Kila mwaka wilaya ilifanya mkutano mkubwa kwenye uwanja wa mpira wa ndani. Shule zilizofikia malengo zilikaa chini, uwanjani, karibu na jukwaa. Zilizoshindwa zilipandishwa kwenye viti vya mashabiki. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha tathmini cha halmashauri, wakuu wa shule zilizoshika mkia wakisimamishwa mmoja mmoja mbele ya wenzao wajieleze, haitaji kuchorewa picha hiyo.

Mfululizo wa matukio

Mkuu mpya alianza na mambo ya kweli. Mashirika ya hisani yalileta fedha, programu za baada ya masomo zikaanzishwa, na shule ikapata uhai ambao haikuwa nao. Sehemu hii ya kisa hairukwi, kwa kuwa ndiyo iliyofanya uongo uliofuata uaminike. Watu walioiona shule ikichangamka hawakuona ajabu alama nazo zikipanda.

Majira ya kuchipua ya 2006, mtihani ukikaribia, ilionekana wazi kwamba watoto hawatafika. Mwalimu mmoja wa hisabati, kijana, mchapakazi, anayependwa na wanafunzi wake, alikubali kufanya alichotakiwa. Vijitabu vya mtihani vilifika vikiwa vimefungwa kwa plastiki. Alichana plastiki kwa wembe, taratibu, akatoa kijitabu, maswali yakanakiliwa kwa ajili ya walimu, kisha akakirudisha na kuunganisha plastiki kwa moto wa kiberiti cha gesi. Kwa nje hakuna aliyeweza kujua kwamba imefunguliwa.

Kuona maswali mapema hakukutosha. Hatua ya pili ilikuwa baada ya mtihani. Karatasi za majibu zilitunzwa katika ofisi ya mratibu wa mitihani, mtu mwangalifu asiyehusishwa na mpango. Mkuu wa shule alikuwa akimtoa nje kwa chakula cha mchana kirefu, na wakiwa huko walimu waliingia ofisini, wakafuta majibu ya makosa na kusiliba yaliyo sahihi.

Matokeo yalipotoka, hisabati darasa la 8 ilikuwa asilimia 86. Kusoma, asilimia 78. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, shule ilikuwa imefikia kiwango cha sheria. Ikashangiliwa, ikatembelewa, ikatajwa kama mfano kwa shule nyingine za mijini.

Mwaka huohuo wa 2006 baadhi ya walimu walilalamika kwa wilaya. Wilaya ikaajiri mpelelezi binafsi, naye akarudi na taarifa kwamba kulikuwa na udanganyifu na kwamba mkuu wa shule aliwatisha walimu. Msimamizi mkuu alipewa taarifa hiyo ana kwa ana. Mkuu wa shule alibaki kazini, na ufutaji ukaendelea mwaka baada ya mwaka.

Mlango ulianza kufunguka kutoka nje. Kuanzia Desemba 2008 gazeti la jiji, Atlanta Journal-Constitution, lilichapisha uchambuzi wa alama zilizopanda kupita kawaida. Jimbo nalo likaamua kuchunguza karatasi zenyewe. Februari 2010 lilitoa matokeo ya uchunguzi wa ufutaji katika mtihani wa 2009. Agosti 2010, baada ya wilaya kujichunguza na kutoa majibu yasiyoridhisha, Gavana Sonny Perdue aliteua wachunguzi maalumu. Ofisi ya upelelezi ya jimbo iliwapa maofisa zaidi ya 50.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa mkuu wa shule ni mwepesi kueleweka. Alikuwa na miaka 3, na nafasi yake ilitegemea tarakimu moja.

Wa mwalimu wa hisabati ni mgumu zaidi, na kwangu ndio unaostahili muda. Alieleza baadaye kwamba aliogopa shule isifungwe. Wanafunzi wake wangetawanywa kwenye shule za mbali, na mahali pekee palipokuwa tulivu katika maisha ya baadhi yao pangepotea. Aidha, yeye na wenzake walikuwa wakipokea watoto kutoka shule za msingi za jirani wakiwa na alama za juu kwenye karatasi, lakini wakipewa aya waisome, hawawezi. Wakahitimisha kwamba huko chini nako kunaghushiwa. Kwa mtazamo wao, shule yao ilikuwa ikidaiwa ipandishe alama ambazo hazikuwahi kuwepo. Mtoto aliyeingia darasa la 6 akiwa kwenye kiwango kwa mujibu wa rekodi, akitoka chini ya kiwango, aliyeonekana kufeli ni mwalimu wa shule ya kati.

Hoja hiyo haimwondolei hatia. Inaonyesha, hata hivyo, jinsi ghushi ya ngazi moja inavyomfungia mtego aliye ngazi ya juu yake, hata kama yeye hakuianzisha.

Kisha yakaja malengo ya mwaka uliofuata. Chukua asilimia 86. Wilaya haikusema, asanteni, pumzikeni. Ilipanga ongezeko jingine juu yake. Watoto waliofanya mtihani 2006 walikwishahamia sekondari. Walioingia darasa la 8 ni wengine, wenye uwezo uleule wa wale wa 2005. Kwa hiyo pengo lililotakiwa kuzibwa kwa kifutio lilikuwa lote la mwaka wa kwanza na nyongeza. Kuacha kulimaanisha alama kuporomoka katika msimu mmoja, na anguko hilo lingeuliza maswali makali kuliko kupanda kulikouliza. Kila mwaka wa kuendelea ulifanya kuacha kuwe kugumu zaidi.

Uamuzi wa wilaya kuifungia kabatini taarifa ya 2006 ndio ulio ghali kuliko yote. Wakati ule ilikuwa shule inayoweza kurekebishwa, watu wachache, mwaka mmoja. Lakini shule hii ilikuwa ushahidi kwamba mfumo wa malengo unafanya kazi. Kuitilia shaka kungekuwa kuutilia shaka mfumo wote, pamoja na sifa za waliouendesha. Mwaka 2009 msimamizi mkuu alitangazwa kuwa msimamizi bora wa elimu wa mwaka nchini Marekani.

Matokeo

Ripoti ya wachunguzi ilitangazwa na Gavana Nathan Deal Julai 2011. Katika shule 56 zilizochunguzwa, udanganyifu ulithibitishwa katika 44. Walitajwa walimu na viongozi 178, wakuu wa shule 38 wakiwemo, na 82 walikiri. Katika shule ya kisa hiki, karibu madarasa tisa kati ya kila kumi yalikuwa na ufutaji usio wa kawaida mwaka 2009.

Machi 2013 watu 35 walishtakiwa, kwa sheria iliyotungwa kupambana na magenge ya uhalifu wa kupangwa. Wengi walikiri makosa kabla ya kesi, akiwemo mkuu wa shule hii, aliyepewa adhabu ya kutumikia nje ya gereza. Mwalimu wa hisabati alifukuzwa kazi. Kumi na wawili walikwenda hadi mwisho wa kesi. Aprili 2015, 11 kati yao walitiwa hatiani. Msimamizi mkuu, aliyekana mashtaka yote, alifariki mwezi mmoja kabla kwa saratani, bila kesi yake kusikilizwa.

Kwa wanafunzi, hasara ilianza mapema zaidi. Shule ilipotoka kwenye orodha ya zinazoshindwa, ilipoteza takriban dola 750,000 za misaada iliyotengewa shule zilizo chini ya kiwango. Yaani watoto wasioweza kusoma waliandikwa kuwa wanaweza, na fedha ya kuwafundisha kusoma ikaondolewa kwa sababu hiyo. Utafiti wa Tim Sass wa Georgia State University, uliotolewa 2015, ulifuatilia wanafunzi ambao karatasi zao zilifutwa na kukuta kwamba walirudi nyuma katika kusoma na lugha katika miaka iliyofuata. Kwenye hisabati dalili hazikuwa bayana. Wilaya ikaanzisha programu ya kuwasaidia waliokuwa bado shuleni. Waliokwishaondoka, walikwishaondoka.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kifutio kiliacha ushahidi. Mashine inayosoma karatasi za kusiliba huona pia alama hafifu iliyobaki pale jibu lilipofutwa, na inaweza kuhesabu ni mara ngapi jibu la kosa limegeuka kuwa sahihi. Watoto hufuta, ndiyo, lakini mara chache, na si kila mara kuelekea jibu sahihi. Jimbo lilichukua wastani wa ufutaji huo katika Georgia nzima, kisha likatia alama kila darasa lililoupita wastani kwa zaidi ya mikengeuko sanifu 3 (kipimo cha umbali kutoka kwenye wastani). Kwa bahati tupu, darasa la namna hiyo linatarajiwa kutokea chini ya mara moja katika mia tano. Madarasa tisa katika kumi ndani ya jengo moja hayaelezeki kwa bahati.

Nguvu ya kipimo hiki ni kwamba hakimtegemei mtu jasiri wa kusema. Walimu waliosema 2006 walipuuzwa. Karatasi za 2009 hazikupuuzika.

Jambo la pili lililofaa ni usimamizi kutoka nje. Mwaka 2010 jimbo lilituma wasimamizi wake kwenye shule zilizotiliwa shaka, na alama zikashuka katika mtihani huohuo. Hakuna ushahidi mnyoofu kuliko huo, na hauhitaji hata takwimu.

La tatu halisemwi sana. Marekani ina upimaji mwingine wa kitaifa, NAEP, unaochukua sampuli ya wanafunzi tu, bila kutoa alama ya shule wala ya mtoto. Hakuna anayepoteza kazi kwa sababu yake, hivyo hakuna anayehangaika kuughushi. Katika upimaji huo, kati ya 2002 na 2009, Atlanta ilipanda kwa kweli, hasa katika kusoma, kuliko majiji mengi makubwa. Kwa maneno mengine, kulikuwa na maendeleo halisi katika jiji, ya polepole, ya kawaida, ambayo yangestahili kupongezwa. Yalifunikwa na maendeleo ya uongo yaliyokuwa ya kasi zaidi. Mwalimu aliyempandisha mtoto hatua mbili kwa jasho lake alionekana mzembe pembeni ya jirani aliyempandisha hatua ishirini kwa kifutio.

Kilichoshindikana

Mratibu wa mitihani alikuwa mwadilifu, ofisi ilifungwa kwa ufunguo, na vifurushi vilikuwa na plastiki. Ulinzi wote huo ulishindwa na mwaliko wa chakula cha mchana, kwa sababu bosi wa mlinzi ndiye aliyekuwa mwizi. Karatasi za majibu zililala katika jengo la watu ambao ajira yao ilitegemea kilichoandikwa humo.

Nadhani hapa ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kujitazama. Baada ya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari) ya 2015 kuvuja vibaya, Kenya ilivunja bodi ya baraza lake la mitihani Machi 2016 na kuweka mitihani kwenye makontena yenye kufuli mbili, chini ya ulinzi wa polisi, ikichukuliwa asubuhi ya siku ya mtihani. Hatua hiyo ilibana uvujaji wa maswali kwa kiasi kikubwa. Lakini ni ulinzi wa kabla ya mtihani. Shule ya kisa hiki ilipata sehemu kubwa ya alama zake baada ya mtoto kuweka penseli chini.

Njia ya malalamiko nayo ilikuwa mbovu. Mwalimu alilalamika kwa wilaya, wilaya ikachunguza, wilaya ikaamua. Kila hatua iliishia mezani kwa mtu aliyenufaika na alama zilezile. Ilipobidi chombo cha nje kiingie, miaka minne ilikuwa imepita.

Na kuna lile la malengo. Mwaka 1976 mwanasayansi wa jamii Donald Campbell aliandika kwamba kadiri kipimo cha namba kinavyotumiwa zaidi kufanya maamuzi ya kijamii, ndivyo kinavyozidi kushawishiwa na kuharibiwa. Atlanta ilifanya zaidi ya kutumia kipimo. Ilipandisha lengo kila mwaka bila kuuliza kama ngazi ya chini ipo. Ongezeko la nukta 62 kwa mwaka mmoja katika hisabati lilipaswa kuzua swali kabla ya makofi. Wilaya ingeweza kuchukua watoto thelathini, ikawapa mtihani mwingine wa kiwango kilekile baada ya wiki mbili, chini ya wasimamizi wa nje. Kazi ya asubuhi moja.

Tanzania imepita karibu na njia hii. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza 2013, uliingiza upangaji rasmi wa shule kwa alama na motisha kwa zilizopanda. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, na wapo waliolalamika kwamba ushindani umeuawa. Sioni hivyo. Shule bado zinajijua, wazazi bado wanasoma matokeo kwenye tovuti. Kilichopungua ni sherehe.

Kilichobaki kwetu bila mwenyewe ni ushahidi wa ngazi inayofuata. Mwaka 2012 Tanzania iligundua kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 walioingia kidato cha kwanza, wote wakiwa wamefaulu darasa la saba, hawajui kusoma wala kuandika. Waliogundua ni walimu wa kidato cha kwanza, kama walivyogundua walimu wa darasa la 6 wa Atlanta: mtoto kasimama, kitabu kipo wazi, hakuna kinachotoka. Upimaji mfupi wa kusoma na hesabu katika wiki za mwanzo za kidato cha kwanza, ukirudishwa kwa shule ya msingi alikotoka mtoto na nakala kwa ofisa elimu wa wilaya, ungeonyesha shule ambayo alama zake na watoto wake havifanani. Shule nyingi za sekondari tayari hutoa jaribio la namna hiyo. Kwa kawaida majibu yake huishia kwenye droo ya mwalimu wa taaluma.